Maswali ya Wasomaji: Walipiga Kura Kujitenga, Mbona Bado Wamo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kibaigwa. Nimesoma kwamba zamani jimbo la Australia Magharibi lilipiga kura ya kujitoa katika shirikisho na waliotaka kujitoa wakashinda. Walikuwa wanalalamikia nini, na mbona hadi leo hawajatoka? – Msomaji, Kibaigwa, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, kura hiyo ilipigwa tarehe 8 Aprili 1933, na takribani asilimia 66 ya wapiga kura walitaka kujitoa. Kwa kuwa unauza nafaka, malalamiko yao hayatakuwa mageni kwako. Mkulima wa ngano wa huko aliuza mazao yake ng'ambo kwa bei ya soko la dunia, ambayo wakati huo ilikuwa imeporomoka vibaya, lakini alipotaka plau au mashine ya kuvunia alilipa bei kubwa, kwa sababu serikali ya shirikisho ilitoza ushuru mzito wa forodha kwa bidhaa za nje ili kuvilinda viwanda ambavyo vingi vilikuwa katika majimbo ya mashariki. Hasara ilibaki kwake, faida ikaenda kwa wengine. Ni malalamiko ya haki kabisa, na sioni sababu ya kuyaita uchochezi.

Hata hivyo, siku hiyohiyo wapiga kura walikiondoa madarakani chama kilichoitisha kura hiyo na kukichagua chama cha Labor cha Philip Collier, kilichopinga kujitoa. Serikali mpya ilipeleka ombi London kama wananchi walivyoagiza, lakini mwaka 1935 kamati ya Bunge la Uingereza ilikataa kulipokea, ikisema kwamba Bunge hilo haliwezi kuigawa Australia bila serikali ya shirikisho yenyewe kuomba. Jambo likaishia hapo kisheria.

Kilichotuliza hasira, kwa maoni yangu, ni fedha kuliko sheria. Mwaka huohuo wa 1933 iliundwa tume ya kupendekeza ruzuku kwa majimbo yenye upungufu, na Australia Magharibi ilikuwa miongoni mwa yaliyonufaika. Ingefaa tume hiyo iundwe kabla watu hawajafika kwenye sanduku la kura.

Baadaye mambo yaligeuka. Chuma cha Pilbara, eneo la migodi kaskazini mwa Australia Magharibi, kililitajirisha jimbo, na mwaka 2015 likajikuta likipata senti 30 tu kwa kila dola ambayo lingepata kama kodi ya mauzo ingegawanywa kwa idadi ya watu. Manung'uniko yakarudi, safari hii kutoka kwa mtoaji. Mwaka 2018 Bunge la Australia lilibadilisha sheria ili hatimaye mgawo wa jimbo lolote usishuke chini ya senti 75, na tangu hapo mjadala mkubwa umekuwa kuhusu kanuni hiyo ya mgawo, si kuhusu kujitoa.