Kabla hujafungua hizo kalipa, tazama nipeli iko wapi

Weka hiyo spana chini kwanza. Umeandika kwamba Jumamosi unazifungua kalipa zote mbili za mbele za gari lako la Probox, vile vyuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski, uzipige rangi nyekundu, na kwamba fundi amekwambia usihangaike kuzitia alama kwa kuwa "zote ni sawa". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa hapa Malindi, na nusura niue mtu.

Si sawa! Ukizilaza sakafuni zinafanana kama pacha, na ya kulia itaingia kushoto bila ubishi, bolti zikakaza vizuri. Tofauti ni nipeli, kile kiskrubu chenye tundu cha kutolea hewa. Kalipa ikiwa upande wake, nipeli hukaa juu. Ukizibadilisha, inakwenda chini. Na ukifungua mpira wa breki, lile bomba laini linaloleta mafuta ya breki kwenye kalipa, hewa huingia, na hewa ndani ya mafuta hupanda. Kwa hiyo utafungua nipeli, mafuta masafi yatatoka, na hewa itabaki imejikalia kule juu, haina pa kutokea. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea, ndiyo maana pedali inazama.

Mimi nilifunga zangu zikiwa zinang'aa. Mpira wa breki wa kushoto ulikuwa umejipinda kidogo, nikaupita. Mpwa wangu akakaa ndani kukanyaga, mimi chini na kipaipu cha plastiki kilichozama kwenye chupa. Kanyaga, shikilia, nafungua, nafunga, achia. Mapovu yakakatika mapema, pedali bado laini kama godoro. Siku mbili tulirudia, lita mbili za mafuta zikaisha. Yule fundi akaitwa. Akakanyaga mara tatu, hakuinama hata kutazama gurudumu, akasema masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imekufa. Nikaagiza nyingine Mombasa, Sh9,500. Ikafungwa, pedali ile ile. "Itakaza ukitembea nayo," akasema. Mtu anayelipwa kwa kazi ya breki anakutoa barabarani na pedali laini! Hilo linaniuma kuliko zile pesa.

Jioni nikaingia barabara ya Casuarina. Tuktuk mbele yangu ikasimama kumchukua mama mwenye mtoto begani. Nikakanyaga, mguu ukafika chini. Nikapampu, nikavuta hendibreki, nikakata usukani kuingia mchangani. Yule mama aligeuka akanitazama tu. Nilikaa pale mpaka magoti yakaacha kutetemeka.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, dereva wa malori aliyestaafu. Alimulika tochi nyuma ya gurudumu na kuniuliza, "Mwanangu, hewa utaitoaje kwa chini?" Tukazirudisha kila moja upande wake. Nipeli ilipofunguliwa, kipaipu kikatema povu mfululizo, na kabla ya magharibi pedali ilikuwa juu, ngumu. Tukajaribu na ile masta ya zamani: nzima kabisa.

Basi tia alama kabla ya bolti ya kwanza. Na usiandike K, maana kulia na kushoto zote ni K. Andika D upande wa dereva, A upande wa abiria, tena kwa ndani ambako rangi haitafika. Ukishafunga, kabla hujagusa mafuta, piga magoti utazame: nipeli iko juu?

Ila kama shida yako ni rangi tu, mpira wa breki usiufungue kabisa. Itoe kalipa, itundike kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake, uipake hapo hapo. Hewa haitaingia. Pini inazotelezea na sehemu pedi zinapokaa zisiguswe na rangi.

Ukilazimika kuufungua, weka washa mpya za shaba, zile mbili za bolti inayofunga mpira wa breki kwenye kalipa. Tumia aina ya mafuta iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, ya mkebe uliofunguliwa siku hiyo, kwa sababu hunywa unyevu na hewa yetu ya pwani unaijua. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hayo. Unapotoa hewa, kikopo hicho cha juu kisikauke hata mara moja. Tone likidondokea rangi yako mpya, lisuuze kwa maji hapo hapo, linaila.

Leo hii kabla hujalala, chukua simu, piga picha kila kalipa ikiwa bado garini, nipeli ionekane. Uziweke hapa tuzione.