Daktari Anajibu: Pacha mmoja ametutoka, huyu mwingine tumpeleke hospitali?

SWALI: Mwanangu daktari, mjukuu wangu wa mwaka mmoja na miezi miwili alilazwa kwa nimonia na utapiamlo mkali. Alishaanza kuchangamka, siku ya nne homa ikarudi, kesho yake akatutoka. Tukaambiwa ni bakteria kwenye damu, aliowapata mumo humo wodini. Mtoto wa kitanda cha pili alipata hayo hayo, akapona. Binti yangu anajilaumu kwa sababu usiku ule alimwacha na shangazi yake. Sasa pacha wake amedhoofu, na mama hataki kusikia habari ya hospitali. Nifanyeje? – Bibi wa mapacha, Tanga

JIBU: Shikamoo bibi, poleni sana na msiba. Mwambie binti yako leo hii: hata angekesha pale kitandani, asingewazuia bakteria wale.

Mara nyingi hupitia kwenye kanula, kale kamrija kanakoachwa mshipani kupitishia dawa. Plasta imelegea, ngozi kuzunguka sindano imekuwa nyekundu na kuvimba, na bado dawa inapitishwa hapo hapo. Kilifi, Kenya, kati ya 2002 na 2009, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa hospitali ya wilaya. Waliopata bakteria kwenye damu wakiwa wodini, asilimia 53 walifariki. Walioingia nao kutoka nyumbani, asilimia 24. Waliokuwa hatarini zaidi kuwapata wodini ni wenye utapiamlo mkali na walioongezewa damu.

Kwa nini jirani alipona? Sijaona mafaili yao, lakini huwa natazama mambo mawili: mtoto ana nguvu kiasi gani za kupigana, na dawa ya kwanza imempata mdudu au imemkosa. Klebsiella, bakteria mkazi wa wodi nyingi, haguswi na ampisilini, na wengi wao sasa ni sugu hata kwa jentamaisini na seftriaksoni. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa dawa isiyomweza mdudu iliongeza vifo hata ukiweka kando maradhi mengine ya mtoto. Majibu ya kuotesha damu maabara, ili kumjua mdudu, huchukua siku mbili tatu, na mtoto aliyekonda hana siku hizo. Hili linaniuma kila wiki.

Sasa pacha. Mpelekeni kliniki kesho. Kama ana hamu ya kula, hajavimba miguu, hana homa wala dalili nyingine ya hatari, atatibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, kile maalumu cha kutibu utapiamlo, na mama atapumua. Akikataa kula, akivimba, akilegea au akipumua kwa shida, alazwe, msisite. Kumficha nyumbani kutamuua upesi zaidi.

Akilazwa, kila asubuhi muulizeni nesi kama kanula bado inahitajika. Mhudumu anayekuja kumshika aombwe kunawa, kwa adabu, hata akiwa daktari bingwa. Tena msingoje homa tu: mtoto wa utapiamlo anaweza kuwa wa baridi, akaacha kunyonya, akalala tu. Mkiona hivyo, hata ikiwa saa nane za usiku, mwamsheni daktari wa zamu, na ombeni damu ichukuliwe ya kuotesha kabla dawa haijabadilishwa, ila dawa isicheleweshwe kwa kungoja majibu.