Dvořák hakuuiba "Goin' Home"

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mtunzi wa muziki Dvořák alichukua wimbo wa watumwa wa Marekani, "Goin' Home", akautia kwenye Simfonia Na. 9 (muziki mrefu wa okestra) akajifanya ni wake. Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Kumbe ni kinyume: muziki ndio uliotangulia. Simfonia ilipigwa mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, tarehe 16 Desemba 1893. Maneno aliyapachika mwanafunzi wake, William Arms Fisher, mwaka 1922, na Dvořák alishazikwa tangu 1904.

Ila uvumi huo una pa kuanzia. Dvořák, mtoto wa muuza nyama wa kijijini Bohemia (Ucheki ya leo), alifika New York 1892 kuongoza chuo cha muziki cha mama mmoja, Jeannette Thurber, kwa mshahara wa dola 15,000 kwa mwaka (enzi zile, hebu fikiria). Chuoni alikuwepo kijana Mweusi, Harry Burleigh, aliyezirithi nyimbo za kiroho kwa babu yake aliyewahi kuwa mtumwa. Dvořák akawa anamwomba amwimbie. Mwaka 1893 akatamka gazetini kwamba muziki wa Marekani ujengwe juu ya nyimbo za Weusi, na wapo waliokasirika. Alisikiliza, ladha ikamwingia, akatunga ya kwake. Hapo mimi wizi siuoni.

Sehemu ya simfonia yenye wimbo huo, iitwayo Largo, naijua kwa pumzi yangu mwenyewe. Nimekulia kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika huko Uchagani, napuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini. Harusi, mazishi, hadi midomo inavimba. Nilipokwenda kusoma Ujerumani nikajiunga na okestra ya wanafunzi, nikapewa simfonia hiyo ya Dvořák. Nafungua karatasi: nota 14! Simfonia nzima, dakika 40 na ushee, tuba ina nota 14 tu, zote ndani ya Largo. Nikaenda kuuliza kama karatasi nyingine zimepotea. Watu wakacheka.

Zilivyo chache, ndivyo zinavyotisha. Largo inaanza na sisi wapulizaji, polepole, sauti nzito za chini zinazohama ufunguo hadi ufunguo kama geti kubwa linalofunguliwa usiku. Ukitetemeka, ukumbi wote umesikia. Kisha vyombo vya nyuzi vinanyamazishwa nusu, na cor anglais, kaka mkubwa wa oboe (ala ya mbao ya kupuliza), anaushika ule wimbo. Mtu wa pwani angedhani ni zumari iliyopoa hasira.

Mazoezi ya kwanza nilipoteza hesabu nikaingia kabla ya wakati. Mwongozaji alisimamisha kila mtu, akanitazama tu.

Aliyenifariji ni jamaa wa matoazi. Yeye anagonga mara moja tu, sehemu ya nne, tena taratibu. Usiku wa onyesho tulibishana nyuma ya jukwaa nani kati yetu amekula nauli ya bure.