Tableti ya picha haimzuii mtoto kuongea
Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 5 mwenye usonji akipewa tableti ya picha, ile anayobonyeza picha nayo inamtamkia neno, atakuwa mvivu wa kuongea. Hapana, hiyo hofu weka pembeni kabisa, tafiti hazionyeshi hivyo na kuna watoto maneno ya mdomo yanaongezeka. Wala usisubiri eti "awe tayari".

Kikubwa nyie wenyewe muitumie mbele yake, yaani ukimmiminia juisi unabonyeza "zaidi" huku unatamka, bila kumlazimisha arudie, halafu unanyamaza, tena nyamaza kweli, maana wengine wanahitaji muda mrefu kupanga jibu. Na jamani msimjazie majina ya vyakula tu, awekewe "sitaki", "acha", "inauma", "siyo hiyo", mtoto asiye na njia ya kukataa si ndo anaishia kung'ata na kupiga kelele? Vitufe msivihamishehamishe, mkono wake unakariri mahali. Chapisha na ubao wa karatasi wenye picha hizohizo, chaji ikiisha asibaki bubu. Na msimnyang'anye kama adhabu, hata siku moja. Kabla hamjanunua, mwombeni mtaalamu wa lugha na matamshi amjaribishe mifumo miwili mitatu.