Msuko niliupatia, maana ikanipita

Usifanye hivyo! Umeuliza, katika kuchambua shairi, uanze na umbo au maudhui, kisha ukasema utahesabu mizani (silabi), utaje bahari (aina ya shairi kwa umbo lake), "dhamira nitaimalizia muda ukibaki". Ndivyo nilivyofanya kwenye moko, mtihani wa majaribio, ya kidato cha nne. Nilipata alama 7 kati ya 20.

Na umbo lote nilikuwa nimelipatia! Tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti; msuko, yaani mshororo wa mwisho ni mfupi; hata ukaraguni, kwa kuwa vina vilibadilika kila ubeti. Mizani nilihesabu kwa vidole mara mbili. Kwenye dhamira nikaandika "malezi ya mama". Kumbe shairi zima ni la msiba.

Nakutungia ubeti wenye sura ileile:

Mwanangu umeondoka, kimya kimejaa ndani,
Kitanda nakitandika, nani atalala, nani?
Jioni ikishafika, narudi tena jikoni,
Sahani yako naweka.

Mishororo mitatu ina mizani 16, 8 kwa 8. Wa nne una 8 tu: ukwapi (nusu ya kwanza) upo, utao (nusu ya pili) haupo. Upande ule mtupu ndio mtoto mwenyewe! Na kwa kuwa mshororo huo ni kibwagizo, sahani inawekwa tena mwisho wa kila ubeti, kama inavyowekwa kila jioni. Mimi kwenye mtihani niliandika nini? "Ni msuko. Kibwagizo kinaleta mapigo ya kimuziki." Mapigo gani ya kimuziki, mama wa watu analia?

Sentensi ile niliikariri kwa mwalimu wa tuisheni. Alitukaririsha orodha ya bahari ukurasa mzima na kutuambia, "Tajeni majina, maana itajileta yenyewe." Wazazi wetu walimlipa kwa hilo. Miaka imepita na bado nina hasira naye.

Kwa hiyo kila ukiandika jina la umbo, liulize papo hapo: hapa linamfanyia nini anayesema? Ukikosa jibu, rudi ulisome shairi kwa sauti, umtafute nafsineni, yaani anayesema, na anayesemeshwa. Hapo juu neno "yako" linatosha: mama anazungumza na asiyeweza kumjibu. Ukishalijua hilo, ule mshororo mfupi unausikia hata kabla hujauhesabu.

Andika hapa ubeti wa kwanza wa shairi ulilopewa. Mizani iache kwanza, niambie nani anasema na nani.