Nyuti hawali na wanapanda kioo

Boss, umesema nyuti wako (newt, mnyama wa jamii ya vyura mwenye mkia kama mjusi) hawali na wanapanda kioo cha tangi, na umewaweka na hita ya kupasha maji moto na goldfish. Shida ni hiyo hita, itoe leo leo. Nyuti si samaki wa tropiki, hawa wako wa tumbo jekundu kwao ni Japani na wanapenda maji baridi, digrii 16 hadi 20 hivi, Nairobi hapa Julai huhitaji kufanya chochote, ni Februari na Machi jua likizidi ndio unaweka chupa ya maji yaliyoganda ielee ndani ya tangi. Wakianza kupanda kioo mara nyingi maji ni moto ama machafu. Ya mfereji yana klorini, weka ile dawa ya kuitoa kwanza, na ukibadilisha toa kiasi tu usimwage yote.

Fleksi za samaki (kile chakula kikavu cha vipande vyembamba) achana nazo, wengi hata hawaziangalii. Wape nyungunyungu, wachimbe mahali hapajapigwa dawa, uoshe ukate vipande vidogo vya kuingia mdomoni, nyuti mkubwa akila kila baada ya siku mbili tatu inatosha. Wakikataa tingisha kipande kwa kibanio mbele ya pua, wanavutiwa na kitu kinachosonga.

Changarawe ndogo toa, wanaimeza. Weka jiwe la kupandia nje ya maji na kifuniko kinachobana kabisaa maanake hawa kutoroka ni kazi yao. Na hao goldfish wahamishe tafadhali, ngozi ya nyuti ina sumu, hata wewe ukiwashika nawa mikono kabla ujiguse macho.