Wi-Fi inakwama chumbani: pima kwanza kabla ya kununua ripita

Mkuu, umesema umelipia kifurushi cha megabiti 50, sebuleni mambo yanakwenda vizuri, lakini chumba cha mwisho video zinazunguka tu na simu za video zinakatika, na sasa unataka kununua ripita, kile kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena. Nakuomba usinunue kwanza. Nimewafungia mitandao ndugu na majirani kwa muda mrefu, na mara nyingi nakuta ripita imechomekwa palepale ambapo mawimbi yameshakufa. Inarusha upya kitu ambacho yenyewe haikipati.

Anza kwa kutenganisha vitu viwili: laini inayoingia nyumbani, na hewa iliyopo kati ya ruta na simu yako. Chukua laptopu, ichomeke kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi yake, waombe wenzako wasipakue chochote kwa dakika chache, kisha pima spidi. Ukipata karibu na 50, laini haina shida, tatizo liko ndani ya nyumba. Ukipata 10 kwa kebo, hakuna antena itakayokuokoa. Mpigie mtoa huduma ukiwa na majibu hayo mkononi. Na usichanganye megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya megabiti 50 inayoshusha faili kwa megabaiti 6 kwa sekunde iko sawa kabisa.

Ukishajua laini ni nzima, nenda chumbani na upime mawimbi yenyewe. Vile vipau vya juu ya simu havitoshi, maana kila mtengenezaji anavichora anavyotaka. Weka programu ya bure ya kuchunguza Wi-Fi, utaona namba ya dBm, yaani nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha desibeli. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. -50 ni safi sana. Simu ya video inataka kama -67 au bora kuliko hapo. Ikishuka hadi -80, simu itaonyesha imeunganishwa lakini karibu hakuna kinachopita. Kumbuka pia kwamba kila zinapopungua desibeli 3, nguvu imeshuka kwa nusu, ndiyo maana hatua mbili tatu au mlango mmoja wa chuma unaweza kubadilisha kila kitu.

Sasa mahali ilipo ruta. Hapa ndipo napotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, kwa sababu hakugharimu kitu na ndiko kunakoleta mabadiliko makubwa. Ruta nyingi zinakaa pale fundi alipoziacha: kwenye kona, nyuma ya televisheni, chini sakafuni, wakati mwingine ndani ya kabati. Zege lenye nondo hula mawimbi. Friji na kabati la chuma huyazuia. Kioo kikubwa cha kujitazamia nacho ni kizuizi, kwa sababu mgongoni kina tabaka la metali. Tangi la samaki pia, maana maji hufyonza mawimbi haya. Simama palipo na ruta, vuta mstari wa kufikirika hadi kitandani kwako, uhesabu unapita kwenye nini. Angalia na pembe: mstari unaokata ukuta kimshazari unapita kwenye unene mkubwa kuliko unaoukata moja kwa moja. Nimeshaona ruta ikisogezwa upande wa pili wa sebule ileile na chumba kilichokuwa kimekufa kikafufuka, kwa sababu tu mawimbi yalianza kupitia mlangoni badala ya kupita kwa urefu ndani ya ukuta.

Iweke juu, kupita kimo cha mtu, karibu na katikati ya nyumba. Kama faiba inaishia kwenye kisanduku chake na ruta ni kifaa kingine, kisanduku kibaki palepale, ruta ndiyo isogee kwa kebo ya Ethaneti. Kebo hiyo inafika mita 100 bila kupoteza spidi. Antena za fimbo zisimamishe wima. Watu huzielekeza ncha upande wa chumba wakidhani mawimbi yanatokea nchani, kumbe yanatoka ubavuni kuzunguka fimbo, na nchani ndipo palipo dhaifu kabisa.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya ruta. Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi lakini ina msongamano. Ya 5 ina kasi kubwa ila inachoka mapema ukutani. Yape majina tofauti kwa muda wa majaribio ili ujue unapima ipi. Kila masafa yamegawanywa katika chaneli, yaani njia zenye namba. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, na upana wa chaneli uwe megahezi 20. Wapo wanaochagua chaneli 3 kwa kuwa inaonekana haina mtu. Kwa hesabu hiyo unavuruga walio kwenye 1 na walio kwenye 6, nao wanakuvuruga. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Vilivyopishana nusunusu vinasikia kelele tu. Oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye masafa hayohayo, kwa hiyo kama Wi-Fi inakatika wakati wa kupasha chakula, mchawi ni huyo.

Kwenye 5, jaribu chaneli 36 hadi 48 kwanza. Baadhi ya zilizo juu yake zinatumiwa pia na rada, na kwa kanuni ruta inatakiwa isikilize walau dakika moja kabla ya kurusha, na ihame mara isikiapo rada. Ukiona mtandao wa 5 unapotea ghafla na kurudi baadaye, hilo ni mojawapo la kuangalia. Wakati uko humo, hakikisha ulinzi wa Wi-Fi (aina ya usimbaji) ni WPA2 wa AES au WPA3. Ukiachwa kwenye TKIP, usimbaji wa zamani, Wi-Fi inabanwa kwenye megabiti 54 za kwenye karatasi, na halisi ni pungufu sana ya hapo.

Kuna ushauri wa kuongeza nguvu ya kurusha hadi mwisho. Siupendi. Ruta ikisikika mbali, simu nayo lazima ijibu, na redio ya simu ni ndogo. Ni kama kumpa mmoja kipaza sauti halafu mwenzake anajibu kwa kunong'ona. Na zile programu za simu zinazodai kuongeza mawimbi, zifute. Hakuna programu inayoongeza antena.

Ukifanya yote haya na chumbani bado ni -75, basi hapo unahitaji kituo cha pili, na dawa ya kweli ni kebo. Vuta Ethaneti hadi karibu na chumba, mwisho wake weka ruta yoyote uliyonayo kabatini. Zima DHCP (huduma inayovigawia vifaa anwani za mtandao) kwenye hiyo ya pili, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, kebo ichomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) na si la WAN (la intaneti inayoingia). Jina la mtandao na nywila viwe vilevile, chaneli iwe tofauti. Kama kebo haiwezekani kabisa, ndipo ufikirie ripita, lakini ikae njiani, pale ambapo dBm bado iko kwenye -60, wala si chumbani. Ripita ya redio moja hupokea na kurusha kwa zamu kwenye chaneli ileile, hivyo inakupunguzia spidi karibu nusu. Mfumo wa meshi (vituo kadhaa vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja) wenye redio ya ziada kwa mawasiliano ya vituo vyenyewe unafanya vizuri zaidi.

Jambo moja la mwisho kuhusu simu za video. Kama zinakatika hata sebuleni kila mara mtu mwingine anapopandisha picha au faili kubwa, mawimbi hayahusiki. Ni foleni ndani ya ruta: pakiti (vipande vya data) za simu yako zinasubiri nyuma ya faili hilo. Anzisha ping (jaribio la muda wa data kwenda na kurudi), kisha pandisha video; ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi mamia, umepata jibu. Tafuta kwenye ruta mpangilio wa SQM, unaosimamia foleni hiyo (OpenWrt, programu mbadala ya kuendesha ruta, inao), weka kikomo kama asilimia 90 ya spidi uliyoipima kwa kebo, kwa kushusha na kwa kupandisha.

Leta hapa dBm ya chumbani kwa masafa yote mawili, chaneli unayotumia, na mchoro wa nyumba hata wa kalamu. Nitakuambia pa kuweka kituo cha pili, au kama hukihitaji.